Mwezi wa Biva, Bamvua na Mto Unaorudi Nyuma

Tarehe 5 Novemba 2025, kabla jua halijatua, simu yangu ilikuwa imeshapokea picha nne za mwezi ambao hapa Dar es Salaam ulikuwa bado haujachomoza. Maneno yalikuwa karibu yaleyale: leo ni "Beaver Moon", mwezi mkubwa kuliko yote ya mwaka, usilale bila kuutazama. Binamu yangu anayeuza mafuta ya nywele mtandaoni aliongeza na maelekezo. Andika kwenye karatasi kila kinachokuelemea, ichome kwenye mbalamwezi, majivu uyapeperushe. Nilimuuliza huyo Beaver ni nani. "Sijui," akanijibu, "ila ni mwezi wa kutua mizigo."

Sina ugomvi na mtu anayechoma karatasi yake mwenyewe. Kilichonikaa kooni ni lile "sijui". Waliouita mwezi kwa jina la mnyama walikuwa wanajua, na walijua kwa sababu walikuwa wanamla na kumvaa.

Biva, tumwite hivyo, ni mnyama wa Amerika Kaskazini mwenye ndugu yake Ulaya. Ni wa jamii ya panya, ila ana uzito wa mbwa. Meno yake ya mbele yana rangi ya chungwa na mkia wake ni bapa kama mwiko. Anakata miti kwa meno, anaziba kijito mpaka kinakuwa bwawa, kisha katikati ya bwawa anajenga nyumba ya matawi na tope ambayo mlango wake uko chini ya maji. Ikifika Novemba anasiliba nyumba upya na kurundika matawi mabichi chini ya maji, akiba ya miezi ambayo juu yake patakuwa na barafu. Wakati huohuo manyoya yake yamekuwa mazito. Mtegaji alikuwa na siku chache tu: atege kabla bwawa halijaganda, la sivyo angesubiri mpaka barafu iyeyuke. Mwezi mpevu ulimwambia muda umekwisha.

Ugumu kwetu unaanzia kwenye lugha. Anayetafsiri habari hizi ataandika "mwezi mpevu wa mwishoni mwa vuli", na hakuna mhariri atakayemkosoa, kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwamba yale majira manne ya Wazungu nayo yana majina yetu: masika, kiangazi, vuli, kipupwe. Mpelekee sentensi hiyo mkulima wa Muheza. Kwake vuli ni mvua. Novemba yuko shambani na jembe, mahindi yamechipua, magugu yanamshinda. Kwa mtu wa Ontario neno hilohilo linataja majani yanayopukutika na ardhi inayoelekea kuganda. Tumelitwika neno moja vitu viwili, kimoja kinachipua na kingine kinakufa, halafu tunashangaa kwa nini ujumbe wa mwezi hausomeki.

Hata angani si mwezi uleule, kwa maana ya kazi unayoifanya. Mwezi mpevu siku zote hukaa upande wa pili wa jua. Novemba jua limeshuka kusini, na kule Ontario linatua kama saa kumi na moja jioni. Basi mwezi unashika ile njia ya juu iliyopitwa na jua wakati wa kiangazi chao, unapanda juu sana na kukaa angani saa kumi na nne hivi. Kabla ya umeme, ile ilikuwa taa ya mtu aliyebakiwa na kazi nyingi na mchana mfupi. Sisi tulio karibu na ikweta usiku wetu ni saa kumi na mbili, mwezi mpevu wa Novemba na wa Mei tunaupokea kwa salamu moja.

Sasa hilo jina lenyewe. Linatangazwa kama "jina la kale la Wahindi Wekundu", kana kwamba watu wote wa bara lile walikuwa kijiji kimoja chenye mzee mmoja wa kutoa majina. Orodha inayozunguka kwenye simu zetu, yenye jina moja kwa kila mwezi, imeenezwa na kalenda za wakulima za Marekani, vile vijitabu vya mbegu, hali ya hewa na mapishi. Wenyewe walikuwa na majina mengi, kila watu kwa nchi yao. Waanishinaabe, wenyeji wa Maziwa Makuu yaliyo mpakani mwa Marekani na Kanada, mwezi huu wanauita Gashkadino-giizis, mwezi wa maji kuganda. Uliotangulia ni wa majani kuanguka. Hesabu yao huonyeshwa mgongoni mwa kobe: magamba makubwa 13 ya katikati ni miezi 13 ya mwaka, na vigamba 28 vya pembezoni ni siku za mwezi. Maji yakishaganda na theluji ikilala chini, hapo ndipo zile simulizi zao nzito zinaporuhusiwa kusimuliwa. Kiangazi ni mwiko. Wengi wetu tulikatazwa hadithi za mchana tulipokuwa wadogo, kwa hiyo jambo hilo halihitaji kutafsiriwa.

Na biva? Hawezi kutenganishwa na biashara. Kampuni ya Hudson's Bay ilipewa hati yake na mfalme wa Uingereza mwaka 1670, na kwa karne mbili ngozi za biva zilivuka Atlantiki kwenda kutengenezewa kofia za waungwana. Jaribu kuwaza mwezi mmoja wa kalenda yetu uitwe Mwezi wa Pembe, kwa kumbukumbu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora kuteremka Bagamoyo na meno ya tembo, kisha leo mtu wa Oslo auandikie kadi yenye maua na ushauri wa kutua mizigo. Wapagazi wangecheka, wale waliobaki hai.

Kwa hiyo naushikilia msimamo wangu hivi: mwezi mpevu wa msimu fulani hupata maana yake ardhini na majini, kwa kile watu wanachokifanya siku hiyo. Ukilibeba jina bila yale maji unabaki na picha. Na yale maji yakibadilika wewe ukabaki na jina, unayo shida kubwa zaidi, ambayo ndiyo hasa nilitaka kuizungumzia.

Mfano ulio wazi kuliko yote niijuayo uko Kambodia, na ni mwezi huuhuu wa Oktoba mwishoni au Novemba. Pale Phnom Penh mto Tonle Sap unaungana na Mekong. Mto huo una tabia ambayo ukimweleza mtu wa Rufiji atadhani unamtania: sehemu kubwa ya mwaka unatiririka kwenda Mekong kama mto wowote, halafu unageuka na kurudi ulikotoka. Mvua zao zikikolea kuanzia Juni, Mekong inafura mpaka maji yake yanausukuma Tonle Sap nyuma, zaidi ya kilomita 100, hadi kwenye ziwa lenye jina hilohilo. Ziwa ambalo kiangazi lina kilomita za mraba kama 2,500 na kina cha kumfika mtu kiunoni, linatanuka mara tano au sita, linaingia msituni, na samaki wanazaliana katikati ya matawi ya miti. Mvua zikikatika, Mekong inashuka. Mto unageuka tena, ziwa linaanza kujimwaga, na nyuma yake linaacha tope jipya juu ya mashamba.

Bon Om Touk, sikukuu ya maji, huchukua siku tatu kuzunguka mwezi mpevu wa mwezi wao uitwao Kadeuk. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 4 hadi 6 Novemba. Vijiji na mahekalu ya Kibudha huleta mitumbwi yao mirefu mjini, kila mmoja na makumi kadhaa ya wapiga makasia, na kwenye omo wamechora macho. Mtu wa Lamu haulizi macho ya chombo ni ya nini. Mashindano wenyewe huyahusisha na jeshi la majini la mfalme Jayavarman VII, wa karne ya 12, ambaye vita vyake vya mitumbwi vimechongwa kwenye kuta za hekalu la Bayon. Zamani ibada ya kifalme ilikuwa na kamba iliyokingamishwa mtoni, ikakatwa, maji yakawa yamepewa ruhusa ya kwenda.

Lakini mitumbwi ni ya mchana na ya watalii. Mimi nauangalia usiku.

Usiku wa mwezi mpevu watu hukusanyika uani au hekaluni, wanaelekea mwezi, viganja vimekutanishwa. Mbele yao kuna ndizi mbivu, nazi au dafu, na ambok. Ambok ni mpunga mpya, unakaangwa na maganda yake, unatwangwa ungali moto mpaka punje zinalala bapa, halafu unapepetwa. Msomaji wa Pemba ameshatabasamu: hiyo ni pepeta. Ndiyo hiyo. Wakati wa mavuno mapya, kinu, mchi wa watu wawili wanaopokezana, moshi wa majani ya mpunga, na nazi pembeni. Wao wanaila usiku, mwezi ukiwa juu, na watoto wanajazwa mdomo ambok na ndizi mpaka mashavu yanafura.

Shukrani hizo zinaelekezwa kwa sungura. Katika hadithi za maisha ya awali ya Buddha, aliwahi kuzaliwa sungura. Mungu Indra akaja kumjaribu kwa sura ya ombaomba mwenye njaa, na sungura, kwa kuwa hakuwa na chakula cha kumpa, akajitosa motoni awe yeye kitoweo. Indra akamwokoa, akamchora mwezini aonekane na walimwengu wote. Sungura wa kwetu angemshawishi Indra aingie yeye motoni kwanza aone kama moto umekolea. Lakini tuyaache hayo.

Kisha inawashwa mishumaa. Inapangwa juu ya mti uliolazwa mlalo, mti unazungushwa, na nta inadondokea majani ya mgomba yaliyotandikwa chini. Kila mshumaa una eneo lake. Wazee wanainama kuhesabu: palipodondoka nyingi mvua itakuwa nyingi, palipodondoka kidogo watu wajiandae. Ni utabiri wa hali ya hewa uliosomwa kwenye jani, miezi kadhaa kabla ya msimu.

Ukiyaweka pamoja, usiku ule mmoja unabeba hesabu ya mwaka mzima. Maji yameanza kuondoka, mpunga wa kwanza umeiva, samaki wako njiani, na swali la mvua ijayo limeshaulizwa. Hakukuhitajika karatasi wala redio kuwakusanya watu wa vijiji vilivyotawanyika kandokando ya maji: kila mtu alikuwa na saa moja iliyotundikwa juu. Hata samaki wanaifuata. Wavuvi wa dai, nyavu kubwa za mfuko zinazotegwa mtoni Tonle Sap, wanajua kwamba trey riel, kisamaki kidogo ambacho Wakambodia wengi huamini ndicho kilichoipa sarafu yao jina, huteremka kwa wingi siku chache kabla ya mwezi kupevuka, hasa Januari. Ndicho kinachosagwa na kuvundikwa kikawa prahok, kitoweo cha maskini cha mwaka mzima. Wavuvi wetu wa dagaa, wa Ziwa Tanganyika hadi Unguja, nao wana mkataba na mwezi, ila wa kinyume: mbalamwezi ikitanda taa zao hazimvuti samaki, mitumbwi inapumzika ufukweni, watu wanashona nyavu.

Sasa njoo mwaka 2019. Julai ile Mekong ilishuka kuliko ilivyowahi kupimwa kwa muda mrefu wa kumbukumbu, na Tonle Sap ukachelewa kugeuka mpaka Agosti. Ulikuwa mwaka wa ukame, ni kweli. Lakini juu ya mto, ndani ya China, wakati huo tayari kulikuwa na mabwawa makubwa 11 kwenye mkondo mkuu, na Laos ikawasha rasmi lake la Xayaburi Oktoba ya mwaka huohuo. Bwawa la umeme huhifadhi maji ya mvua na kuyaachia kiangazi. Kwa mwenye mitambo ni busara, kwa mto unaohitaji kufura ili urudi nyuma ni kukatwa pumzi. Ongeza uchimbaji wa mchanga wa ujenzi, unaoteremsha sakafu ya Mekong kiasi kwamba maji yaleyale hayafiki tena kimo cha kuusukuma Tonle Sap kama zamani. Ziwa likijaa kidogo na kwa muda mfupi, samaki wanakosa msitu wa kuzaliana.

Mwezi wa Kadeuk haujachelewa hata siku moja. Kinachochelewa ni maji.

Hapo ibada inafanya nini? Serikali ya Kambodia iliifuta Bon Om Touk mwaka 2011 kwa sababu ya mafuriko, na ikaifuta tena 2015 kwa sababu maji yalikuwa machache mno. Wapo walionung'unika, na katika nchi ile kila tamko la serikali lina watu wanaolitafutia sababu ya pili. Mimi naona ule uamuzi wa 2015, hata kama mkononi mwake mwingine ulikuwa na siasa, ndio uliokuwa mwaminifu zaidi kwa sikukuu yenyewe. Sikukuu ya maji isiyo na maji ifutwe, watu waulizane maji yako wapi. Kuifanya kwa fahari, kwa taa na bendera, juu ya mto ulioshindwa kufanya kazi yake, kungefunika habari ambayo ibada hiyo ilitungwa iitoe.

Najua hoja inayonisubiri: ibada nyingi zimeishi baada ya kazi yake kufa, na hakuna aliyedhurika. Ni kweli. Alfajiri ya mwezi mpevu huohuo, jimboni Odisha, mashariki mwa India, familia huteremka mtoni na baharini na kuelesha vijahazi vya karatasi au vya maganda ya mgomba, ndani yake taa ndogo, tambuu na popoo. Wanaiita Boita Bandana. Ni kumbukumbu ya wafanyabiashara wao waliokuwa wakitweka siku hizo kwenda Java, Sumatra na Bali, kwa kuwa upepo wa kaskazini-mashariki ulikuwa umeanza. Huo ni kaskazi yetu. Wakati vijahazi vile vinaeleshwa upande wa pili wa India, upande wa kwetu manahodha wa Kachi, magharibi mwa India, na wa Sur, Omani, walikuwa wakitazama tanga kwa safari ya Mombasa na Unguja. Leo hakuna baharia wa Odisha anayesubiri mwezi wa Kartik, kama wanavyouita wao mwezi huu. Mjini Cuttack pamebaki tamasha kubwa la biashara liitwalo Bali Jatra, safari ya Bali. Hiyo nayo ni sawa. Watoto wanaoshika kijahazi wanaambiwa kilikuwa kinakwenda wapi, na kwa nini siku ile. Tofauti yao na binamu yangu ni hilo jibu tu.

Hoja nzito zaidi inatoka msikitini, na sitaikwepa. Uislamu uliukata kwa makusudi uzi kati ya mwezi na majira. Waarabu wa kabla yake walikuwa wakiahirisha miezi, na aya ya 37 ya Surat At-Tawba ikalikataza jambo hilo kwa maneno makali. Tangu hapo mwaka wa Kiislamu una miezi 12 ya kuandama na siku kama 354, unarudi nyuma siku 11 kila mwaka wa jua, na Ramadhani inazunguka majira yote katika miaka 33 hivi. Ndani yake mna uadilifu ambao kalenda ya msimu haina: hakuna nchi iliyoandikiwa kufunga siku ndefu milele. Hapa msimamo wangu unapata ufa, nakiri, kwa kuwa mwezi mpevu wa Shaabani una uzito wake uwe umekuja na jua kali au na mafuriko.

Ila watu wa pwani hawakuishia hapo. Walimwachia Mwenyezi Mungu kalenda yake, wakaweka nyingine kwa ajili ya jembe na tanga: mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, siku zake zikihesabiwa kwa miongo, kumi kumi. Kwa miongo ndiyo walijua lini kusi itachachamaa na lini mtama utiwe ardhini. Wageni wa Makunduchi wanaokwenda Julai kutazama Mwaka Kogwa, watu wakicharazana migomba na kibanda kikichomwa moto, wanatazama mlango wa kalenda hiyo bila kuambiwa kwamba ni kalenda. Wazee walitembea na miaka miwili kichwani, na hawakuichanganya.

Kwa hesabu ya kwanza, ile tarehe 5 Novemba ilikuwa katikati ya Mfunguo Nane. Kwetu mfunguo hauna biva wala barafu, una umbali tu: mwezi wa nane tangu tulipofungua Ramadhani. Siku za mwezi 13, 14 na 15 ni siku nyeupe, nazo hufungwa na wanaopenda sunna. Kwa hesabu ya tatu, ambayo haijaandikwa popote na ndiyo wanayoitumia watu wengi zaidi, lilikuwa bamvua, zile siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida.

Na bamvua la siku ile halikuwa la mchezo. Neno "supermoon" lilibuniwa mwaka 1979 na mnajimu Mmarekani, Richard Nolle, na wanaastronomia wamelivumilia kwa kuwa jambo lenyewe lipo: mwezi unapevuka ukiwa karibu na dunia. Tarehe 5 ulikuwa kilomita kama 357,000 kutoka kwetu, wakati wastani wake ni 384,400. Kwa macho tofauti ni ndogo, na anayedai ameiona nadhani ameisoma kwanza. Baharini ndiko inakoonekana.

Nilimpigia shangazi yangu, aliyeko kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, ambako mwani umelimwa tangu 1989 na wanaoulima wengi ni wanawake. Mwani una saa yake: unapandwa na kuvunwa bamvua, mwezi ukiandama na ukipevuka, kwa kuwa ndipo maji yanapopwa mbali na shamba kuonekana. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, hakuna kazi. Ilikuwa karibu na magharibi.

"Shikamoo shangazi. Umeuona mwezi?"

"Marahaba, mwanangu. Mwezi ndio unatoka baharini saa hizi, mwekundu. Mie nimeuona tangu asubuhi."

"Asubuhi?"

"Kwenye maji. Saa nne yalikuwa yameshapwa mpaka mwambani, vigingi vyote viko nje, hata vya yule jirani aliyeacha kulima. Na kesho na kesho kutwa yatapwa zaidi."

Nikamuuliza mavuno. Akaguna. Kotonii, ule mwani wa bei, kwake ulishakufa siku nyingi. Maji ya ufukweni yanapata joto, unapauka, unakatika kamba nzima. Amebaki na spinosamu, wa bei ndogo, na hata huo mwaka huu ulimwangusha kamba kadhaa. Bamvua linakuja kama lilivyokuwa likija, akasema, shamba ndilo silo. Wenzake wachache wamefuata maji ya kina kirefu, lakini huko kunataka boti na kujua kuogelea, na yeye si wa umri huo.

Nilimweleza habari ya binamu na karatasi yake. Alinyamaza kidogo, nikasikia vyombo vinapangwa.

"Anachoma karatasi?"

"Anatua mizigo, shangazi."

"Mwambie aje kesho saa tatu, nina magunia mawili ya kubeba kutoka majini." Akacheka, kisha akaanza kunieleza bei ya kamba mpya ilivyopanda na kama naweza kumtumia ya viwanja viwili kabla maji hayajaanza kufa. Hatukumaliza. Adhana iliadhiniwa upande wake, na alikuwa amefunga, akaniambia nimpigie baada ya kufuturu.